Arobaini ya Serveri

Mohamadi amechoka. Hiyo si habari. Redio Pirogi nzima inajua, tena inajua kwa mpangilio, kama ratiba ya vipindi. Asubuhi amechoka kwa sababu ya njia ya kutoka kwake Kabondo. Mchana amechoka kwa sababu ya joto la chumba cha mashine, chenye feni moja ambayo nayo imechoka kumzidi. Jioni amechoka kwa sababu ya kuulizwa kutwa nzima kwa nini amechoka. Ukimsalimia, "Papa Mohamadi, habari?" anakujibu, "Niko tu," kwa sauti ya mtu anayethibitisha jambo ambalo hata yeye halijampendeza.

Ni fundi wa redio, yaani fundi wa kila kitu: mikrofoni zinazokohoa, jenereta isiyowaka mpaka itukaniwe mama yake, antena, mlango wa choo, na kile kiti cha studio. Kiti kina magurudumu chini na pampu katikati, na pampu ilikufa zamani. Ukikikalia kinakupokea vizuri, unajiona mheshimiwa. Kisha kinaanza kushuka, taratibu, bila kelele, mpaka kidevu chako kinagusa meza. Watangazaji wamezoea, wanasoma habari wamechuchumaa juu yake bila kukaa, kama watu walioko porini wanaogopa nyasi. Kila wiki Mohamadi anasema atakitengeneza. Kila wiki kiti kinamsikiliza, kinashuka.

Babu wa babu yake aliingia mji huu nyuma ya msafara wa pembe za ndovu, na kanzu, na tasbihi, na ukoo mpaka leo haujamaliza kuwaeleza majirani jambo hilo. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Mohamadi yeye alifungua redio ya baba akiwa mdogo, akashindwa kuifunga, akala fimbo, ndipo akajifunza kufunga. Hiyo ndiyo shule yake ya ufundi, na cheti chake kilikuwa mgongoni.

Aliingia Redio Pirogi enzi za kaseti. Kaseti zilikuwa chache kuliko maneno ya watu, kwa hiyo walirekodi juu ya zilizokwisha rekodiwa. Mahubiri ya Jumapili yalifunikwa na mpira wa Jumatatu, mpira ukafunikwa na waziri, waziri akafunikwa na tangazo la sabuni, na hakuna msikilizaji aliyelalamika, hasa upande wa waziri. Lakini kaseti ikibeba kitu kizuri, Mohamadi alichukua bisibisi akavunja kijino cha plastiki kilichoko mgongoni mwake. Kaseti isiyo na jino, mashine inakataa kurekodi juu yake. Tak! Basi. Wakati ule milele ilikuwa kazi ya bisibisi moja.

Halafu ikaja serveri.

Ililetwa na mradi fulani wenye jina refu la Kifaransa ambalo halikubaki kichwani mwa mtu, zilibaki fulana. Pamoja na lile sanduku jeusi lenye taa za kijani alikuja kijana kutoka Kinshasa kufundisha programu ya sauvegarde, ile inayochukua nakala za sauti zote na kuzitunza. Alifundisha akiwa na begi mgongoni, kama mtu anayesikia ndege yake ikinguruma. Akaondoka. Akawaacha serveri na Mohamadi wakitazamana.

Mohamadi aliielewa programu kwa kuifikiria kama mama wa sokoni. Mahali pa kumimina sauti panaitwa volimu. Volimu ni beseni: lina ukubwa wake, likijaa limejaa. Mabeseni ya kazi moja yanapangwa pamoja, na kundi hilo linaitwa pool. Kila siku programu inakusanya vilivyorekodiwa, inauliza hiki ni cha pool gani, inavuta beseni la pool hiyo, inamimina. Likijaa, inavuta lingine. Yakiisha yote, haiketi kulia: inatafuta beseni ambalo muda wake umepita, inalimwaga, inaanza upya. Ni ileile kazi ya kaseti, tofauti ni kwamba hakuna anayeona aibu.

Alipanga pool ya Habari na pool ya Emisyo, ile ya vipindi. Alikuwa anataka kuishia hapo. Ndipo akaingia Directeur Arsène.

Directeur Arsène, mkurugenzi ambaye wote wanamwita DG, ni mtu wa tai hata siku ambazo lami inayeyuka. Aliinama mbele ya kioo cha kompyuta kama mtu anayejitafuta kwenye picha ya harusi.

"Mohamadi, miye niko wapi mule?"

"Mule wapi, DG?"

"Mule ndani. Ma-discours yangu, hotuba yangu yote."

"Iko pamoja na ya wengine, DG. Mu Habari."

"Pamoja na bei ya ndizi za makemba?" DG alisimama wima. "Non, non, non. Unifanyie pool yangu. Uiite Patrimoine, ndiyo urithi. Kila emisyo yenye sauti yangu inasikika, hata kama nilikohoa tu, copie iende mule. Na isifutike."

"Mpaka lini, DG?"

"Ee, Mohamadi. Patrimoine inakuwaka na mpaka lini?"

Basi Mohamadi akaipanga Patrimoine: mabeseni bila idadi, muda bila mwisho, na ruhusa ya kuchukua beseni tupu la wenzake ikipungukiwa. Pool hiyo ikala kama mjomba aliyekuja kwenye matanga na mfuko mtupu. Ndani yake kuna DG akifungua kisima. DG akitakia watu mwaka mpya. DG akitakia mwaka uleule tena, kwa sababu mara ya kwanza umeme ulikatika. Kuna hata mahojiano ambamo DG anajiuliza maswali na kujipongeza kwa kuuliza.

Likabaki swali moja ambalo programu haikubali kuendelea bila jibu: hivi vipindi vya kawaida, vya watu wa kawaida, vikae muda gani kabla beseni lao halijamwagwa? DG alisema, "Mutu ya technique ni weye." Mohamadi akamgeukia Félicité, mtangazaji wa kipindi cha wazee cha kila Jumamosi.

"Félicité, mutu akisha kusema ku redio, batu banakumbukaka mpaka lini?"

"Mi nakumbukaka mpaka saa ya kula, tonton."

Msaada wenyewe ulikuwa huo. Mohamadi akakaa na swali lake, na akafikiria kwao. Kwao mtu akifa, mikeka ya majirani inatandikwa, sufuria za kuazima zinachemka, watu wanakuja na kukaa. Ikifika arobaini wanasoma, wanakula wali, na kesho yake kila mkeka unarudi kwa mwenyewe. Ukibaki na mkeka wa jirani baada ya arobaini unaanza kusemwa. Si kwamba marehemu amesahauliwa. Ni nyumba tu inafagiliwa ili watu wapate pa kupita. Sasa, alijiambia, ikiwa siku arobaini zinamwenea binadamu mzima pamoja na roho yake, kipindi cha redio ni nani kidai zaidi?

Akaandika arobaini. Akasahau kufunga mabano mahali fulani, programu ikagoma kuwaka, akatafuta bano lile mpaka macho yakatoa machozi, akalipata, akaenda nyumbani. Njiani alijiona hata amekuwa mkarimu.

Tangu hapo, kila Patrimoine inapojaza diski na kutaka nyingine, programu inamwandikia kwenye simu, na ina neno moja tu: inangojea volimu. Anakula mboga ya pondu, inangojea volimu. Yuko msikitini, mfuko unatetemeka: volimu. "Uiambie ingojee kama sisi tunavyongojea," anasema Karima, mkewe, bila kuinua macho kwenye sahani.

Msimu wa maji kushuka mtoni, asubuhi moja, akaingia mwanamke na beseni la samaki wa moshi kichwani. Beseni la kweli, la kubeba samaki. Alilitua mlangoni pa chumba cha mashine na samaki wakaanza kutazama serveri.

"Tonton Mohamadi, mbote."

"Mbote, mama."

"Miye ni Adèle, mutoto ya Papa Hubert, ule muvuvi wa ku maporomoko. Alikuyaka kusema hapa, ku emisyo ya Félicité. Kiisha akakufa."

Mohamadi alimkumbuka. Mzee mrefu, ananukia moshi, aliyekataa kuvaa vile vya masikioni kwa sababu, alisema, yeye si kiziwi.

"Mwisho wa hii mwezi tunatosha kilio," Adèle akasema. Kutosha kilio, yaani kuuondoa msiba: mjane anavuliwa nguo nyeusi, anaoshwa mtoni, watu wanakula na kucheza. "Sisi tunangojeaka maji ishuke, juu banaume bapate kusimamisha miti ya mitego mupya. Maji imeshuka. Sasa mama Lucie, mujane ya papa, anakataa."

"Juu ya nini?"

"Anasema papa alikuwa mutu wa kucheka, na sasa ile kicheko imemutoka mu kichwa. Anaitafuta, haioni. Anasema asikie papa anacheka mara moja tu, ndiyo atatosha nguo. Ba-tonton, bandugu ya papa, banakasirika. Maji ikipanda na bado iko mu nyeusi, ni mwaka mwingine: hapana soko, hapana kugusa samaki, kukaa tu mu nyumba. Na iko nakonda, tonton."

"Ku telefone hakuna?"

"Bonheur, kaka yangu, ndiye alichungaka ile sauti mu telefone. Akaanguka nayo mu maji. Bonheur alitoka."

"Na telefone?"

"Telefone, tunaingojea." Hakucheka. Alitazama taa za kijani. "Lakini batu banasema muko na mashini ya kuchunga kila kitu. Iko humu, hein, tonton?"

Mohamadi alijua jibu kabla ya kugusa kibodi. Hata hivyo akagusa, kwa sababu mtu akikutazama hivyo lazima uguse kitu. Kompyuta za studio zilikuwa zimefagiliwa zamani. Kila mtu alifuta bila wasiwasi, si kuna sauvegarde? Na pool ya Emisyo ilikuwa imetii amri. Arobaini ya kipindi cha Papa Hubert ilipofika, beseni lake lilimwagwa, likajazwa, likamwagwa tena. Leo ndani yake mlikuwa na mpira wa Jumapili na ugomvi kuhusu mpira huo.

"Unipe mpaka kesho kutwa, mama," akasema.

Adèle alimshukuru. Akamfungia samaki mmoja kwenye jani, malipo ya jasho lake, akaondoka. Samaki yule alikaa juu ya meza siku nzima, na Mohamadi akawa anapita upande wa pili wa meza.

Kesho kutwa ikafika kama zinavyofika zote. Alipanda toleka, baiskeli ya abiria, hadi mwisho wa lami, na kutoka hapo akateremka kwa miguu mpaka kwenye nyumba za wavuvi, ambako maporomoko yanapiga kelele mpaka watu wanazungumza kwa kuinamiana. Vijana walikuwa juu ya mawe wakifunga miti kwa kamba za msituni. Mama Lucie alikuwa amekaa mlangoni, mweusi kuanzia kitambaa cha kichwa hadi kandambili. Hata kandambili alizipata nyeusi.

"Mama, sauti ya papa haiko."

"Mashini iliikula?"

"Mashini haina makosa. Ni miye niliiambia ikule. Niliandika siku arobaini."

Mama Lucie akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Nani alikuambia arobaini?"

"Ndivyo kwetu, mama. Kisha arobaini tunarudishaka mikeka."

"Arobaini!" Akamgeukia Adèle, kama mtu aliyeletewa bei ya ajabu. "Unasikia, Adèle? Arobaini! Arobaini, ndugu yake alikuwa hata hajafika. Alikuwa Yangambi, anangojea bateau ipande mto." Kisha akashusha sauti, na Mohamadi ikabidi ainame. "Arobaini, papa, mi nilikuwa bado napakua sahani yake. Napakua, naiweka, naiona, naimwangia kuku."

"Nilizani ni mingi, mama."

"Kwenu munafanyaka mbio."

Hakusema kwa ukali. Mohamadi angependa ukali. Ukali mtu anaweza kugombana nao.

"Sasa," mama akasema, akivuta kitambaa chake cheusi kwa vidole viwili, kama anayeonyesha bidhaa yenye kasoro, "na hii? Nikae nayo?"

Mohamadi akaaga. Alirudi mjini kwa miguu yote miwili, akikataa kila toleka, maana hakuona sababu ya mtu mwingine kumsukumia mzigo wake.

Félicité alikuwa anatoka studio, miguu inatetemeka kwa kuchuchumaa juu ya kiti. Mohamadi akamweleza. Hakuwa na kawaida ya kueleza mambo, na maneno yalitoka kama maji ya bomba lililofungwa muda mrefu, kwanza kutu.

"Hubert?" Félicité akakunja uso. "Lakini, tonton, ile Jumamosi si DG aliingia?"

"Aliingia wapi?"

"Mu studio! Tuko direct, hewani kabisa, mzee anaanza tu kusema, DG akafungua mulango. Hata hodi. Akanitosha ku kiti yangu, akakaa, akakamata micro, akaanza discours. Nikaenda inje kunywa maji. Nilikasirika wiki mzima! Hata nilikuelezea weye."

"Nikasema nini?"

"Ukasema, 'Niko tu.'"

Mohamadi alisimama pale ukumbini, na kitu kikamwendea usoni ambacho kwa mtu mwingine kingeitwa furaha. "Hata kama alikohoa tu," alisema polepole. "Copie iende mule."

"Mule wapi?"

"Mu Patrimoine." Akageuka. "Félicité, mzee alicheka ile siku?"

"Nitajua je? Mi nilikuwa inje."

Diski za Patrimoine zilizojaa zinakaa katika kabati la DG, chini ya picha ya DG, na ufunguo unakaa kwenye mfuko wa DG. Mohamadi akapiga hodi.

"Nani anazitafuta?" DG aliuliza, na kalamu ikamtoka mkononi.

"Familia moja ya ku maporomoko, DG. Banatosha kilio. Banataka emisyo yenye ulisema na mzee wao."

"Banataka kunisikia miye? Ku kilio?"

Mohamadi alipima kusahihisha jambo hili. Lilikuwa na ngazi nyingi, na alikuwa amechoka. "Banataka ile emisyo, DG."

DG alirekebisha tai. Macho yalikuwa yamemlowa, kweli kabisa. "Nilijua siku moja itafika. Wewe ulikuwa unanungunika: diski, diski. Unaona sasa? Nitaenda mwenyewe. Na, Mohamadi, usikate kitu. Patrimoine haikatwake."

Kuitoa haikuwa kazi ya kupuliza. Diski ya kwanza ilikuwa visima. Ya pili ilikuwa mwaka mpya. Umeme ulikuja na kuondoka kama mtu anayesahau vitu nyumbani. Asubuhi ya siku yenyewe ya kutoa kilio ndipo programu ikakubali kurudisha ile Jumamosi. Mohamadi akaisikiliza mwanzo wake: DG, DG, DG, halafu chini ya DG, mbali kidogo, sauti nzito ya mzee: "Mm." DG tena. "Ee." DG. "Mm." Umeme ukakatika. Uliporudi, muda ulikuwa umekwisha. Alitia kile alichokuwa nacho kwenye flashi ya USB, akaondoka bila kujua kama amebeba kicheko au amebeba mm.

Kule mtoni walikuwa wamefunga turubai, viti vya plastiki vimepangwa, lituma ya ndizi za kuponda na samaki vinatoa mvuke, pombe ya lotoko inazunguka ndani ya birika la chai ili watoto wasijue, na watoto wote wanajua. Spika kubwa iliunganishwa na betri ya pikipiki. Mama Lucie alikaa katikati ya wanawake, mweusi, amenyooka. Mashemeji zake walikaa ng'ambo yake na nyuso za watu waliokwisha amua. DG alikaa mbele, amevaa tai ya sikukuu, akiwasalimia watu kwa kichwa.

Mohamadi akabonyeza.

"Mabibi na mabwana, wasikilizaji wapenzi," ikanguruma sauti ya DG juu ya maporomoko, na maporomoko yenyewe yakaonekana kama yamekatizwa mazungumzo. Ikafuata historia ya redio. Ikafuata maana ya mto katika maendeleo. DG aliyeketi alikuwa akiyasema yote kwa midomo, pamoja na DG wa spika, bila kukosea. Kila spika iliposema "Mm" ya mzee, Mama Lucie aliinua kichwa. "Ni yeye," alisema mara ya kwanza. Mara zilizofuata alikiinamisha tena. Mm si kicheko. Shemeji mmoja akatazama jua. Mwingine akatazama birika. Mohamadi alitazama miguu yake na kuanza kuhesabu, si dakika bali maneno ya DG yaliyobaki, ambayo kwa uzoefu wake hayana mwisho.

"...kwa hiyo, wasikilizaji wapenzi," spika ikaendelea, "redio yetu inapanda. Mwaka huu inapanda. Mwaka kesho itapanda. Nasema inapanda, inapa... inapanda..."

Kitu kilikuwa kinatokea kwa ile sauti. Ilikuwa inaenda chini. Ilipita mbele ya mikrofoni, ikapita ukingo wa meza, ikafika mahali ambapo maneno yanasikika kama yanatoka ndani ya mtungi. "...inapanda..." ilisema kutoka huko chini, bado ina imani. Ukafuata mlio mdogo wa chuma. Félicité, aliyekuwa amesimama na wanawake, akafunika mdomo kwa mikono miwili.

Maporomoko yakapata zamu yao.

Halafu sauti ya Papa Hubert, kubwa, karibu, peke yake kwenye mikrofoni:

"Ee! Ee, batu! Mukuye! Directeur anazama! Mutupe kamba!"

Na akacheka. Kicheko kilianza kama injini ya pirogi, mtumbwi wa mtoni, inayokataa, mara kikohozi, mara kikohozi, kisha kikashika, kikaenda, kikapanda mawe, kikashuka upande wa pili, kikatafuta pumzi, kikaipata, kikaanza upya. "Anazama na tai!" alisema katikati, akashindwa kuendelea.

Kule juu ya mawe vijana waliacha miti. Mama Lucie alikuwa ameshika mkono wa Adèle, mdomo wazi.

"Rudisha," alisema.

Mohamadi akarudisha. Redio yetu inapanda, DG akazama, mzee akacheka. Safari hii watu walijizuia kidogo tu, kwa heshima ya mgeni, kisha heshima ikawaponyoka.

"Rudisha pale papa directeur anazama."

DG akazama tena. Sasa mashemeji walikuwa wanapiga mapaja, na mmoja, yule wa jua, alilia waziwazi, "Ndiyo yeye! Anazama na tai! Ndiyo Hubert kabisa!" Mama Lucie alianza kucheka pia, kicheko chembamba kilichokaa muda mrefu bila kutumika, na huku anacheka mkono wake mwenyewe ukaenda nyuma ya shingo, ukatafuta fundo la kitambaa cheusi, ukalifungua. Hakuna aliyemsogelea. Alikunja kitambaa vizuri, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima, akamkabidhi Adèle. Ndipo wanawake wakapiga vigelegele, wakamnyanyua, wakashuka naye majini.

DG alibaki kwenye kiti chake cha plastiki, ambacho angalau kilibaki mahali pamoja. Ya ile Jumamosi alikuwa amebaki na hotuba tu kichwani, kuzama alikuwa amekusahau. Alimwita Mohamadi kwa kidole.

"Mohamadi. Ile kitu." Alikohoa. "Haiwezi kupewa muda? Nasema tu. Kama zile zingine. Siku... ulisema ngapi? Arobaini?"

"Patrimoine haikatwake, DG," Mohamadi akajibu, bila ubaya wowote, kwa uchovu tu. "Weye mwenyewe ulisema."

Kabla ya kuondoka alimtafuta Mama Lucie, aliyekuwa sasa na kitenge cha kijani, nywele zinachuruzika maji. Alikuwa na swali la kikazi.

"Mama, mashini inaniuliza. Sauti za batu, nizichunge mpaka lini?"

"Mpaka nikuambie."

Programu haina nafasi ya jibu la namna hiyo. Mohamadi alijua, lakini alilibeba hivyohivyo mpaka mjini. Jumatatu aliingia studio, akavuta kibodi, akakalia kile kiti kwa sababu hapakuwa na kingine. Kwanza alichukua beseni lenye ile Jumamosi, akaliandikia lisomwe tu, lisiandikwe juu yake kamwe. Alipobonyeza, mdomo wake ulisema "tak" bila kuambiwa. Kisha akafungua pool ya Emisyo, akafuta ile arobaini, akaweka miaka, mingi kuliko diski alizonazo. Alijua kabla mvua hazijakolea mabeseni yatakuwa yamejaa, na itambidi aende kumweleza DG kwamba Patrimoine lazima isogee kidogo, wengine nao wakae.

Kiti kilikuwa kinashuka wakati wote huo. Alifunga mabano ya mwisho kidevu kikiwa mezani. Félicité alipita mlangoni, akamwona kichwa tu.

"Tonton, kiti utaitengeneza lini?"

"Ile?" Mohamadi akasema. "Iache."

Mfukoni simu ikatetemeka. Hakuwa na haja ya kuitazama ili kujua programu inangojea nini.